Baiskeli kutoka Bad Schandau mpaka Dresden kando ya mto Elbe: njia nyota 5, duka la kukodi nyota 2

Naanza na jibu halafu ndo nieleze, mana najua wengine mnataka kujua tu kama pesa inaenda mahali pake. Njia ya baiskeli ya mto Elbe, kile kipande cha Bad Schandau mpaka Dresden huku mashariki ya Ujerumani, nyota 5 bila kusita. Treni nyota 4. Duka tulilokodi baiskeli nyota 2, na hizo 2 nimewapa kwa sababu kijana wa kaunta alikua na adabu zake. Sasa maelezo, na yatakua marefu kidogo.

Mimi naishi Leipzig mwaka wa saba huu. Mwezi wa 8 mjomba wangu alikuja kutoka Unguja kututembelea, mtu wa Kikwajuni, miaka 63, kila siku ya Mungu yuko juu ya baiskeli, asubuhi Darajani, jioni Forodhani, mvua jua yeye hajali. Siku ya nne ya kuzungushwa madukani akaniambia, "Mwanangu, mie sikuja Ulaya kuangalia nguo, nitafutie baskeli." Basi nikaanza kutafuta safari ya siku moja ambayo mzee ataifurahia na mimi ambaye huwa naendesha kwenda kazini tu nitaimaliza, tena iishie kwenye mji wenye historia, sio iishie stesheni porini.

Njia nzima ya Elbe ina zaidi ya kilomita 1,200, inaanzia milimani huko Cheki mpaka Cuxhaven bahari ya kaskazini, watu wanaifanya kwa wiki mbili tatu na mahema yao. Sisi tulitaka siku moja na mpango wake ni rahisi sana: unakodi baiskeli Dresden, unapanda nayo treni ya S1 mpaka Bad Schandau, kama dakika 45 hivi, halafu unarudi Dresden ukiendesha kufuata maji yanakoelekea. Kilomita kama 45. Hakuna mlima wa maana njia nzima, mto unateremka pole pole na wewe unateremka nao. Mtu asikutishe kwamba lazima uwe mwanamichezo, tumekutana na vibibi vya miaka 75 na vikapu vyao mbele na wanatupita.

Treni nimeikata nyota moja kwa sababu Jumamosi saa 3 asubuhi behewa la baiskeli limejaa mpaka mlangoni, watu wanashikiliana baiskeli kama magunia kwenye daladala. Panda ya saa 1 au saa 2. Na jengine, wale wenye ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, msidhani inabeba na baiskeli. Haibebi. Baiskeli inakatiwa tiketi yake, na mkaguzi tuliyemkuta siku ile alikua hana masihara.

Duka sasa. Silitaji jina, lakini nieleze yaliyotokea ili mkienda duka lolote mjue cha kuangalia. Euro 15 baiskeli moja kwa siku na dhamana ya euro 50 kila mmoja. Tukaletewa baiskeli mbili za mjini, gia saba, keria nyuma, kengele, taa, zimeoshwa zinang'ara. Mimi nshatoa kadi nilipe, mjomba akasema subiri kwanza. Akainyanyua ya kwake mbele, akalizungusha gurudumu akalitizama linavyokwenda, akaminya tairi kwa kidole gumba, halafu akainama akaangalia breki. Raba za breki ya nyuma zimeliwa mpaka karibu na chuma. Akanionyesha mimi, mimi nikamwonyesha kijana, kijana akasema ziko sawa tu, zinafanya kazi, wiki ijayo zinabadilishwa. Nikaomba pampu na viraka tubebe. Hawana. Anasema mkipata pancha pigeni simu. Ndugu zangu, duka linalokodisha baiskeli za kwenda kilomita 45 halina pampu ya kumpa mteja! Ningegeuka pale pale, lakini treni ilikua imebaki dakika 20 na mzee keshaikalia baiskeli.

Bad Schandau stesheni iko upande wa kushoto wa mto, mji wenyewe upo ng'ambo. Ukitoka tu stesheni unaikuta njia, lami nyembamba, mto kuliani, reli kushotoni, na juu yako majabali. Hapa picha zinadanganya, hazionyeshi ukubwa. Ni majabali ya mawe ya mchanga, yamesimama wima kama majengo, mengine yamekatika katika kama mikate iliyopangwa, na miti imeota huko juu kabisa sijui mizizi inashika wapi. Asubuhi ile ukungu ulikua bado umelala juu ya maji na meli moja ya kizamani, ya kuendeshwa kwa mvuke na magurudumu ya pembeni, ikapita na moshi wake. Hizi meli Dresden wanazo kadhaa na bado zinabeba abiria, kongwe kuliko zote ni ya mwaka 1879. Mjomba alishuka kwenye baiskeli akasimama mpaka ikapotea kwenye kona.

Kitu ambacho sikukitegemea ni vibao vya kilomita ukingoni. Vinahesabu kutoka mpaka wa Cheki, Bad Schandau uko kwenye 11 hivi, Dresden kati ni 55. Kwa hiyo huhitaji simu kujua umefika wapi, unasoma mto wenyewe. Mzee alikua anavitaja kwa sauti, "kumi na tano hii", "kumi na saba", na kwenye 17 tukawa chini ya ngome ya Königstein. Ngome iko juu ya jabali mita 240 kutoka mtoni, ina kisima kilichochimbwa kwenye mwamba mita 152 na nusu kwenda chini, na haijawahi kutekwa kwa vita. Ila mwaka 1848 kijana mmoja msafisha mabomba ya moshi aliukwea ukuta kwa mikono yake mpaka juu, na hadi leo wakwea majabali wanapita njia yake. Sisi hatukupanda, tungetumia nusu siku. Mwenye siku mbili apande.

Rathen ndipo penye lile daraja la mawe la Bastei, la mwaka 1851, liko kwenye majabali juu kabisa, unaliona ukiwa chini wala huna haja ya kupanda ukitaka kulitizama tu. Lakini mimi nakwambia usiondoke Rathen bila kuvuka na kivuko. Vuka uende, vuka urudi, ni hela ndogo tu. Kile kivuko hakina injini. Kimefungwa kwenye waya mrefu ambao umetiwa nanga mtoni upande wa juu, waya unashikiliwa na vimashua vidogo vilivyopangana. Nahodha anachofanya ni kukiweka kivuko mshazari, basi, maji yenyewe yanakisukuma mpaka ng'ambo. Kurudi anakilaza mshazari upande wa pili, maji yale yale yanakirudisha. Hakuna kelele, unasikia maji tu yanapiga ubavuni na watu wanaongea. Mjomba amekua na ngalawa tangu mdogo, akamwendea nahodha akamwonyesha kwa mikono anavyogeuza usukani wa ngalawa, yule bwana Kiswahili hajui na mzee Kijerumani hajui, lakini waliongea dakika tano nzima na wakaelewana kuliko mimi ninayejua lugha zote mbili.

Pancha ikatupata kabla ya Wehlen. Ya nyuma, baiskeli yangu, tairi likalala chini kabisa. Nikapiga simu dukani kama walivyosema, mara ya kwanza haikupokelewa, mara ya pili wakaniambia fundi hawezi kuja huku leo, nenda stesheni ya karibu urudi na treni. Yaani tushalipa siku nzima na tuko robo ya safari. Nikakaa kwenye majani nimekasirika kwelikweli. Mzee hata hakukasirika, alishaigeuza baiskeli miguu juu. Wakapita mke na mume na baiskeli zao za mizigo, wakasimama wenyewe bila kuitwa, wakatoa pampu, vile vijiko vya plastiki vya kutolea tairi, viraka viwili na tyubu ndogo ya solusheni. Msasa wao ulikua umepotea.

Nilichokiona baada ya hapo ntakikumbuka. Mjomba akaitoa tyubu ya gurudumu, akaitia upepo kidogo, akashuka nayo mpaka kwenye maji, akaizamisha kipande kipande huku anaizungusha, mpaka vikatoka vipovu vidogo vidogo vimepangana kama uzi. Akaweka kidole pale pale. Akaifuta na shati. Halafu akaokota kijiwe ukingoni, cha rangi ya mchanga, akakipitisha kwenye ukucha kukijaribu, na kwa kijiwe kile akaikwaruza tyubu mpaka ikawa na vumbi, mana lile jiwe ni mchanga uliogandana tu, linakwaruza kama msasa. Solusheni, akaipuliza, akasubiri, kiraka, akakikandamiza na kisigino cha mkono. Dakika 15 tunaondoka. Kijiwe akakitia mfukoni. Yule bibi alitaka kukataa tende tulizowapa, mzee akamwekea mkononi akamfunga vidole, basi.

Kwa hiyo mkikodi, pampu na viraka bebeni vyenu. Madukani vinauzwa kwa bei ya chai na keki.

Pirna tulipita haraka kwa sababu ya muda na siku nyengine ntaurudia, soko la zamani zuri sana na mawe ya barabarani yanayokung'oa meno, shuka uikokote. Tulikula Eierschecke, keki ya huku yenye tabaka tatu, unga chini, kati maziwa mgando, juu mayai, laini mno, na haina pombe wala nyama ya kukutia wasiwasi, nilimuuliza muuzaji. Chakula cha halali njiani ni kazi kukipata, soseji kila kona, sisi tulitoka na mkate wa kumimina na chupa ya chai ya mchaichai na nawashauri mfanye hivo hivo au mle samaki. Juu ya mji wa Pirna pako Sonnenstein, pale ambapo mwaka 1940 na 1941 utawala wa Hitler uliua kwa gesi zaidi ya watu 13,000, wagonjwa na walemavu. Leo ni pahala pa kumbukumbu. Wasafiri wengi wanapita chini hawanyanyui hata kichwa. Sisi tulisimama, mzee akasoma Fatiha.

Baada ya Pirna unaweza kufuata ukingo wowote. Ushauri wangu, baki kushoto mpaka Kleinzschachwitz halafu vuka na kivuko mpaka Pillnitz, kasri la wafalme wa Saxony, ndo jimbo lenye Dresden, paa zake zimekunjwa kuiga Uchina na ngazi zake zinashuka mpaka ndani ya mto mana wageni walikua wanakuja kwa boti. Ukutani pembeni ya ngazi zimechongwa alama za mafuriko na miaka yake. Mwaka 2002 mwezi wa 8 mto ulifika mita 9.40 Dresden, na pale ukisimama unaona alama imekupita kichwa na wewe uko juu ya ngazi tayari, halafu unageuka unautizama huo mto umelala chini umetulia. Ndani ya bustani, ambayo majira ya joto inalipiwa kiingilio, pana mti wa kamelia wa zaidi ya miaka 200, una nyumba yake ya vioo inayotembea kwenye reli, baridi ikija wanaisogeza inaufunika, joto likija wanaisogeza pembeni. Mwezi wa 8 hauna maua, maua ni Februari mpaka Aprili, majani tu ndo tumeyaona. Tukaswali chini ya miti karibu na mto. Hakuna aliyetusumbua.

Hapa nijibu kabisa lile swali ninaloulizwa sana, kwamba Mweusi huku Saxony anatembea vipi. Siku ile tulisalimiwa na kila mtu njiani, tuliangaliwa mara mbili tatu, hakuna neno baya. Lakini sifichi, Dresden pana uwanja unaitwa Jorge-Gomondai-Platz, kwa jina la kijana wa Msumbiji wa miaka 28 aliyeshambuliwa na wabaguzi ndani ya tramu mwaka 1991 akafa. Kila nikienda mjini napita pale. Nenda mchana, nenda na mwenzio, na usikatae kuja kwa sababu ya hofu, mana mto huu ni wetu sote tunaoishi huku.

Kutoka Pillnitz ni kilomita 12 hivi za mwisho, na ndipo miguu inapoanza kudai, upepo wa magharibi unakuja usoni moja kwa moja. Loschwitz mnavuka daraja la chuma la mwaka 1893 lililopakwa buluu, wenyewe wanaliita Muujiza wa Buluu. Mwaka 1945 vita vinaisha, baruti zilishategwa kulilipua, wenyeji wakazikata nyaya, likapona. Ukishavuka unaingia kwenye majani mapana ya ukingoni ambayo mji umekataa kuyajenga, watoto wanarusha vishada, watu wamelala, na mto unapinda mbele yako. Bonde hili lilikua urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004, mwaka 2009 likafutwa kwa sababu ya lile daraja jipya la Waldschlösschen unalopita chini yake. Mimi naona daraja lina kazi yake lakini ukilitizama pale katikati ya uwazi ule unawaelewa waliolipinga.

Na hapo, mkono wa kushoto, mtaa wa Johannstadt, yakatokea maghorofa marefu ya mabamba ya zege, madirisha sawasawa, baraza sawasawa. Mjomba akapiga breki (ya mbele, ya nyuma ndo ile). Akasema "Alaa! Hizi si nyumba zetu?" Na kweli ni ndugu. Baada ya mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo Dresden ilikua ndani yake, nao wakaja kujenga nyumba za Kikwajuni, na mpango wa maghorofa ya Michenzani ukatoka kwao pia. Mzee kaingia kwenye hayo majumba ya maendeleo akiwa mtoto, na anasimulia jinsi mama yake, bibi yangu mimi, alivyokua anafungua bomba la maji ndani ya nyumba asubuhi anafunga anafungua tena, haamini. Akaniuliza kama wanaokaa humu lifti zao zinafanya kazi. Tulisimama pale kuliko tuliposimama kokote siku ile, akapiga picha za baraza za watu, nguo zimeanikwa, akawatumia wenziwe wa Kikwajuni.

Mjini tumeingia saa 11 jioni, meli za mvuke zimefungwa ukingoni, na minara yote imesimama mbele yako kwa mara moja. Hamna haja ya kupanda chochote wala kulipa chochote. Mkokote baiskeli mpite kwenye ukuta wenye picha ya wafalme juu ya farasi, zaidi ya mita 100 za vigae vya kauri ya Meissen, mtokee uwanja wa Frauenkirche. Kanisa hili lilisimama tangu 1743. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 mabomu ya Waingereza yakaanza, mji ukaungua, watu mpaka 25,000 wakafa, kanisa likasimama siku mbili ndani ya moto na tarehe 15 likaanguka. Likabaki kifusi zaidi ya miaka 40. Wakalijenga upya kuanzia 1994, likafunguliwa 2005, na mawe ya zamani yaliyofaa wakayarudisha ukutani. Msalaba wa juu kautengeneza mfua dhahabu wa London ambaye baba yake alikua rubani kwenye mashambulizi yale.

Ukutani unaona mawe meusi yametapakaa kati ya meupe. Mjomba akauliza kama meusi ndo yaliyoungua. Nikamwambia hapana, haya mawe yana chuma ndani yake, yakikaa miaka kwenye hewa yanageuka meusi, na hayo meupe nayo yatafuata. Yametoka kule kule kwenye majabali tuliyopita asubuhi, yakiletwa kwa mto. Akatia mkono mfukoni akatoa kile kijiwe chake cha pancha, akakiweka juu ya jiwe jipya la kanisa. Rangi moja. Akakipeleka kwenye jeusi, akakiangalia, akakirudisha mfukoni. Kiko Kikwajuni sasa hivi juu ya kabati.

Dukani tulirudisha baiskeli saa 12 kasoro. Wakakata euro 12 kwenye dhamana yangu kwa sababu tyubu "imetiwa kiraka na mtu asiye fundi". Nilibishana, mzee akanivuta mkono. Sirudi tena pale. Mwakani akijaaliwa visa tunaendelea kuteremka, Dresden mpaka Meissen, kilomita 25 tu, na pampu keshanunua Darajani.